Nani Atamsemea Mzee Aliye Makazini?

Kila mwaka, Dominika ya nne ya mwezi Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna, Mama Kanisa huadhimisha Siku ya Mababu, Bibi na Wazee Duniani. Siku hiyo ilianzishwa na Baba Mtakatifu Fransisko mwaka 2021, dunia ikiwa bado inawazika wazee wengi waliofariki kwa UVIKO-19. Katika parokia zetu wazee huombewa, huketishwa viti vya mbele, na aghalabu hupewa zawadi. Yote hayo ni mema. Lipo hata hivyo kundi la wazee ambalo kwa kawaida halionekani katika viti hivyo vya mbele: wale wanaoishi katika makazi ya wazee, yawe ya Serikali, ya mashirika ya kitawa au ya watu binafsi. Tafakari yetu ya leo inawahusu hao, na swali lake ni moja: mzee wa makazini akitendewa vibaya, ni nani atakayemsemea?

Tukilitaja jambo hili, jibu la kwanza la wengi huwa kwamba makazi ya wazee ni mambo ya Ulaya na Marekani, kwa kuwa Mwafrika hamtupi mzee wake. Jibu hilo lina heshima ndani yake, lakini haliwaoni watu waliopo. Kolandoto mkoani Shinyanga, Bukumbi mkoani Mwanza, Nunge jijini Dar es Salaam, Fungafunga mjini Morogoro na kwingineko, Serikali yetu imekuwa ikiwatunza wazee kwa miongo mingi. Baadhi ya makazi hayo yalianza kama kambi za wagonjwa wa ukoma, na wakazi wake walipopona hawakuwa tena na pa kurudi. Wengine ni watu waliokuja ujanani kutoka mbali kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, wakazeeka bila ukoo wa karibu. Katika Kanda ya Ziwa wapo akina mama wazee waliotuhumiwa uchawi, wakakimbia vijiji vyao ili kuokoa maisha. Na siku hizi wanaongezeka wale ambao watoto wao wamekufa, au wamehamia mijini na kuishi katika chumba kimoja cha kupanga. Methali yetu husema penye wazee haliharibiki neno. Hatuna budi kuuliza pia ni nini huharibika pale wazee walipo peke yao.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 wenye umri wa miaka 60 au zaidi nchini Tanzania. Idadi hiyo inakua, na itaendelea kukua kadiri afya inavyoboreka. Walio makazini ni sehemu ndogo sana ya umati huo, lakini ndio wenye sauti hafifu kuliko wote. Kwa sababu hiyo wao ni kipimo cha haki yetu.

Mikono mitatu, au mkono mmoja?

Katika kumtunza mzee makazini kuna kazi tatu zinazotofautiana. Kazi ya kwanza ni kutoa huduma: chakula, kitanda safi, dawa, kumwogesha asiyeweza kujiogesha. Kazi ya pili ni kukagua, yaani kuona kwamba huduma hiyo inatolewa kwa kiwango kinachostahili. Kazi ya tatu ni kumsemea mzee: kumsikiliza faraghani, kupokea lalamiko lake, na kulifuatilia hadi mwisho akiwa upande wake.

Ugumu huanza pale kazi zote tatu zinapobebwa na mkono mmoja. Serikali huendesha makazi, huyapangia bajeti, huwaajiri wahudumu, na ndiyo hiyohiyo hukagua. Shirika la kitawa nalo huendesha nyumba yake, na mzee mwenye dukuduku hupaswa kulipeleka kwa msimamizi yuleyule anayemlalamikia. Wahenga waliita hali ya namna hii kumpelekea nyani kesi ya ngedere. Hatusemi kwamba wasimamizi ni wabaya. Wengi wao, watawa kwa walei, ni watu wa sadaka kubwa, wanaofanya kazi usiku na mchana kwa ujira mdogo au bila ujira kabisa. Tunasema kwamba mzee anayetegemea mkono fulani umlishe jioni hatausema mkono huo asubuhi. Ukimya wake usichukuliwe kuwa ni kuridhika.

Ipo methali nyingine, kwamba mgonjwa haulizwi uji. Ilitungwa kwa wema: usimsumbue mgonjwa kwa maswali, mletee anachohitaji. Lakini makazini methali hii inaweza kugeuka kuwa utaratibu wa maisha yote. Mzee haulizwi ale nini, alale saa ngapi, alale chumba kimoja na nani, fedha yake kidogo itunzwe na nani, wala azikwe wapi. Kidogo kidogo anaacha kuwa mtu mwenye neno na anakuwa mtu wa kuhudumiwa tu. Dhuluma ya aina hii haina kelele, na kwa hiyo haifiki polisi wala magazetini.

Sheria nayo ina pengo. Kwa mtoto tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayoelekeza namna makao ya watoto yanavyosajiliwa na kukaguliwa. Kwa mzee wa Tanzania Bara, kwa zaidi ya miaka 20 tegemeo kuu limekuwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Sera hiyo ina mambo mengi mazuri. Hata hivyo sera ni nia ya Serikali. Haimpi mzee haki anayoweza kuidai mahakamani kwa jina lake. Wenzetu wa Zanzibar wamepiga hatua: tangu mwaka 2016 wanawalipa pensheni wazee wote waliofikisha miaka 70, hata wasiopata kuajiriwa kamwe. Kenya iliweka haki za wazee katika Ibara ya 57 ya Katiba yake ya mwaka 2010, ikiitaka dola ihakikishe kwamba wanaishi kwa heshima na bila kudhulumiwa.

Walichojifunza wengine kwa gharama kubwa

Mataifa yaliyotutangulia katika kujenga nyumba za wazee yametutangulia pia katika kujuta. Marekani ina nyumba za uuguzi wa muda mrefu zipatazo 15,000, zenye wakazi zaidi ya milioni moja. Baada ya kashfa nyingi za uzembe katika miaka ya 1960, mwaka 1972 nchi hiyo ilianza kujaribu utaratibu mpya katika majimbo machache: kuteua mtetezi wa wakazi, asiyekuwa mwajiriwa wa nyumba wala mkaguzi wa kutoza faini. Mwaka 1978 sheria ikalitaka kila jimbo liwe na mtetezi huyo. Ana haki ya kuingia katika nyumba, kuzungumza na mzee faraghani, na kutunza siri yake. Halichukui lalamiko mbele bila ridhaa ya mzee mwenyewe. Wengi wanaomsaidia ni raia wa kujitolea waliopewa mafunzo, na baadhi yao ni wastaafu. Mwaka 1987 sheria nyingine iliorodhesha haki za mkazi na kuagiza ukaguzi wa kushtukiza, bila kupita miezi 15 kati ya ukaguzi mmoja na mwingine.

Je, utaratibu huo ulitosha? Haukutosha. Mwezi Machi 2020, ugonjwa ulipoenea, milango ya nyumba hizo ilifungwa kwa karibu wageni wote, na watetezi nao wakabaki nje. Wazee zaidi ya laki moja walifariki katika nyumba hizo kabla mwaka mmoja haujatimia, wengi wao bila kushikwa mkono na mtu wao. Mwaka 2024 Serikali ya shirikisho ilitoa kanuni ya kutaka kiwango cha chini cha wahudumu kwa kila mzee. Wamiliki wa nyumba wakaenda mahakamani, na mwezi Aprili 2025 mahakama moja ya shirikisho huko Texas ikaitengua. Australia iliunda Tume ya Kifalme mwaka 2018 kuchunguza utunzaji wa wazee. Taarifa yake ya mwaka 2021 ilikuwa na mapendekezo 148, na sheria mpya iliyojengwa juu ya haki za mzee ilianza kutumika Novemba 2025.

Tunajifunza mambo mawili hapa. Kwanza, utajiri peke yake haumlindi mzee. Nchi tajiri kabisa ziliona aibu ndani ya nyumba zilizokuwa na vitanda vya umeme. Pili, kanuni iliyoandikwa inaweza kufutwa, na ukaguzi wa mara moja kwa mwaka unaweza kuandaliwa kama harusi: mashuka mapya siku hiyo, na kesho yake yanarudi kabatini. Kinachobaki kumlinda mzee ni mtu anayemjua kwa jina na anayeruhusiwa na sheria kurudi tena na tena.

Wazo lililo la kwetu pia

Mtu asidhani kwamba wazo la mtetezi wa wananchi ni geni kwetu. Lilianzia Sweden mwaka 1809, lakini Tanzania ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza barani Afrika kulipokea. Mwaka 1966, chini ya uongozi wa Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, iliundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ili mwananchi wa kawaida aweze kulalamika dhidi ya ofisa mwenye mamlaka. Mrithi wake leo ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Tume hiyo hupokea malalamiko ya wananchi na ina mamlaka ya kutembelea magereza na mahali watu wanapozuiliwa. Tungependa jicho hilohilo lielekezwe makazini kwa utaratibu wa kudumu, kwa maana mzee asiyeweza kutembea na asiye na nauli amezuiliwa kweli, ingawa mlango haukufungwa kwa kufuli.

Bara zima nalo limekwisha kusema. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee ilipitishwa Addis Ababa Januari 2016, ikaanza kuwa na nguvu ya kisheria Novemba 2024. Ndani yake kuna ibara inayohusu makazi ya wazee. Mwezi Aprili 2025 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliamua kuanza kuandaa mkataba wa kimataifa wa haki za wazee. Wakati huu ambapo milango inafunguka, Wakristo hawapaswi kukaa kimya.

Manung'uniko yaliyosikilizwa

Katika sura ya sita ya Matendo ya Mitume tunasoma habari ambayo mara nyingi tunaiona kama chanzo cha ushemasi tu. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na huduma ya kila siku kwa wajane. Ilikuwa huduma ya Kanisa, chini ya Mitume wenyewe, katika siku zile za moto wa Pentekoste. Hata hivyo wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgawo. Tuangalie yaliyofuata. Wajane wenyewe hawatajwi kuwa walisema; watu wa kwao ndio waliowasemea. Mitume hawakukasirika, hawakusema kwamba manung'uniko ni ukosefu wa imani, wala hawakujitetea kwa wingi wa kazi yao. Waliita kusanyiko lote, wakakiri kwa matendo kwamba kazi mbili hazifai kubaki katika mkono mmoja, wakaomba wachaguliwe watu saba wenye sifa njema. Majina ya wote saba ni ya Kigiriki. Ni wazi kwamba upande uliodhulumiwa ulipewa nafasi ya kusimamia. Kisha Luka anaandika kwamba neno la Mungu lilizidi kuenea.

Usimamizi, basi, haukuletwa kwetu na dola. Ulizaliwa ndani ya Kanisa, tena kwa ajili ya wajane. Sheria ya Kanisa hadi leo humtaka Askofu alizuru jimbo lake lote angalau kila miaka mitano, na ziara hiyo inahusu watu pamoja na taasisi za Kikatoliki zilizomo jimboni. Zaburi ya 71 ni sala ya mzee anayemwomba Mungu asimwache nguvu zinapomwishia. Mungu huijibu sala hiyo kwa kutumia miguu yetu.

Wapo wanaohofu kwamba Serikali ikipewa mamlaka zaidi ya kukagua itazibana nyumba za watawa kwa kodi, vibali na masharti ambayo shirika maskini haliwezi kuyatimiza. Hofu hiyo si ya bure. Mafundisho Jamii ya Kanisa, kwa kanuni auni, yanatufundisha kwamba dola isiwapokonye walio wadogo kazi wanayoweza kuifanya wenyewe, bali iwasaidie kuifanya vema. Ukaguzi unaojua kufunga tu humtupa mzee barabarani. Kwa hiyo tunaomba usimamizi wenye ngazi: kwanza ushauri, kisha muda wa kurekebisha pamoja na msaada wa kufanya hivyo, na kufunga kuwe hatua ya mwisho, mzee akiwa amekwisha kupatiwa mahali pengine.

Lakini kanuni auni haitupi kibali cha kujifungia. Mtakatifu Jeanne Jugan anaweza kutufundisha hapa. Mwaka 1839 huko Ufaransa alimpokea nyumbani mwake mwanamke mzee kipofu na kumlaza katika kitanda chake mwenyewe. Hivyo ndivyo lilivyoanza Shirika la Masista Wadogo wa Maskini, ambalo hadi leo linatunza wazee katika nchi nyingi, ikiwemo Kenya. Miaka michache baadaye padre aliyekuwa mlezi wa shirika alimwondoa madarakani, akajiita yeye mwanzilishi, na Jeanne akaishi miaka 27 katika nyumba ya malezi bila wanovisi wengi kujua ni nani. Alifariki mwaka 1879. Ukweli ulijulikana baada ya Kiti Kitakatifu kufanya uchunguzi, na padre huyo akaondolewa mwaka 1890. Jeanne Jugan alitangazwa mtakatifu mwaka 2009. Kazi ilikuwa takatifu na mwanzilishi wake alikuwa mtakatifu, na bado haki yake haikuonekana mpaka jicho la nje lilipoangalia. Nyumba zetu nazo zisiliogope jicho hilo.

Tufanye nini?

Kwa viongozi wetu wa umma tunaomba mambo matatu. Haki za mzee ziwekwe katika sheria, si katika sera peke yake, na sheria hiyo ihusu makazi yote bila kubagua ya Serikali, ya dini na ya binafsi. Awepo mtetezi wa wakazi asiyeripoti kwa anayeendesha makazi. Na kila nyumba iwe na baraza la wakazi wenyewe, linalokutana na kuandika maoni yake, hata kama wajumbe wake wanaongea polepole na kusahau nusu ya ajenda.

Kwetu sisi waamini, kazi haingoji Bunge. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, WAWATA na vyama vingine vya kitume vina desturi njema ya kuwatembelea wazee, hasa wakati wa Kwaresima. Tunapeleka sukari, sabuni, mchele na mashuka, tunaimba, tunapiga picha, tunaondoka. Tujiulize kama katika saa hizo mbili kuna hata mmoja wetu aliyeketi na mzee mmoja mbali na wenzake akamwuliza anaishije. Afadhali watu wawili wanaokwenda kila mwezi na kujua majina kuliko basi zima linalokwenda mara moja kwa mwaka. Na picha ya mzee asiyejiweza isisambazwe kwenye simu bila ridhaa yake. Umaskini wake si mali yetu.

Wanaokwenda mara kwa mara wajifunze kuona. Vidonda vya mgongoni na kiunoni humpata mzee asiyegeuzwa kitandani. Kukonda kwa ghafla, harufu ya mkojo isiyoisha, usingizi mzito wa mchana kutwa, kushtuka mhudumu anapoingia, fedha au kitambulisho kushikwa na mtu mwingine bila maelezo: kila moja ya hizo ni dalili ya kuulizia, ingawa si ushahidi wa kosa. Kwanza tumsikilize mzee na kumwuliza anataka tufanye nini, maana lalamiko ni lake. Kisha tuzungumze na msimamizi kwa heshima, kwa kuwa mara nyingi tatizo ni uhaba wa watu na si ubaya wa moyo. Mhudumu mmoja mwenye wazee wengi naye anahitaji kusaidiwa. Pasipopatikana suluhisho, yupo afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, lipo dawati la jinsia katika kituo cha polisi, na ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Penye hatari kwa uhai, tusingoje.

Parokia zinaweza kufanya zaidi. Halmashauri ya Walei ikiteua watu wachache wenye busara, wauguzi na walimu wastaafu miongoni mwao, wakapewa mafunzo mafupi na barua ya utambulisho kwa makubaliano na wasimamizi, tutakuwa tumeanza kile ambacho mataifa makubwa yalikianza mwaka 1972. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji subira, na watu wanaoweza kutunza siri.

Tusisahau pia kwamba ulinzi bora wa mzee ni nyumbani kwake. Taasisi ya Kipapa ya Maisha, katika hati yake ya mwaka 2021 kuhusu uzee, ilitoa wito wa kumsaidia mzee abaki kati ya watu wake kadiri inavyowezekana. Kristo, katika sura ya saba ya Injili ya Marko, aliwakemea watu waliotoa sadaka hekaluni ili wapate kisingizio cha kutowasaidia wazazi. Mchango wetu kwa makazi ya wazee usiwe korbani yetu mpya. Wapo kati yetu wenye mama au baba makazini ambao tangu walipomfikisha hawajarudi. Kwao tunasema kwa upole wa ndugu: nendeni wiki hii. Hakuna mkaguzi anayeweza kushika nafasi ya mtoto aliyezaliwa na mzee huyo.

Msalabani, akiwa katika maumivu makali, Bwana wetu alimkabidhi Mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda, na tangu saa ile mwanafunzi huyo akampokea kwake. Maria hakuachwa bila mtu wa kumwangalia. Tumwombe yeye, aliye Mama wa wote, atuombee tuwe na macho ya kuona na ujasiri wa kusema kwa ajili ya wale ambao sauti zao zimechoka.